Anti, kaka wa kanisani anasema Mungu alisha-"predestinate" niwe mke wake. Nikikataa nimemkosea Mungu?

Shikamoo anti. Naomba jina langu usilitaje popote. Mi ni binti wa miaka 26, kanisani natafsiri wahubiri wageni wanaohubiri kwa Kingereza, yani yeye anaongea mi narudisha kwa Kiswahili hapo hapo, ndo huduma yangu na kwakweli naipenda sana.

Sasa kuna kaka mmoja anafundisha neno kwenye kikundi chetu cha vijana, kanizidi umri kama miaka tisa hivi, watu wanamheshimu maana anajua maandiko na anasoma King James tu, hizi Biblia zingine anasema zimechakachuliwa. Siku moja baada ya ibada akaniita pembeni akaniambia amekuwa akiniombea muda mrefu na Bwana amemwonyesha kwamba mimi ni mke wake. Nikacheka nikijua ananitania. Hakucheka. Akafungua Warumi 8 akanisomea mstari wa 29 na 30 kwa Kingereza, kila akifika kwenye neno "predestinate" anasimama ananiangalia, akasema umeona, kabla hujazaliwa Mungu alishaku-predestinate uwe wangu, kwaiyo hapa sio suala la unanipenda au hunipendi, ni suala la utatii au hutatii.

Anti mimi simpendi. Simchukii ila simpendi, nikiwa naye peke yangu natamani mtu aje aingie. Nilimwambia kwa upole kwamba sina hisia hizo akajibu hisia hazina nafasi mbele ya mpango wa Mungu, afu akaongeza kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Mimi niliwahi kuchumbiwa, mchumba akaniacha tukiwa tumeshatangazwa kanisani, nililia sana kipindi kile. Huyu kaka akasema hata yule kukuacha Mungu ndo ali-predestinate, ili mimi nikupate. Nilirudi nyumbani nikalia upya kama vile nimeachwa jana, nikawaza kwaiyo Mungu alikaa akapanga niaibike mbele za watu?

Tangu hapo ananitumia meseji kila siku, nyingi ni mistari. Juzi kaandika kwamba nikiendelea kukataa nitakuwa nje ya mpango na ndoa yoyote nitakayoingia haitasimama. Rafiki yangu wa karibu ananiambia mkubalie tu, mtumishi wa Mungu unampata wapi siku hizi. Mama sijamwambia.

Naomba unisaidie, hilo neno maana yake halisi ni nini? "Predestinate" na "predestine" ni kitu kimoja au tofauti? Na je ni kweli nikimkataa nampinga Mungu? Halafu kingine, anakuja mhubiri mgeni kufundisha Waefeso sura ya kwanza na mimi ndo natafsiri, hilo neno limejaa mle, naogopa hata kulitamka sasa. Niseme nini kwa Kiswahili?

Ni mimi, binti mtafsiri.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Hili swali kubwa nalijibu kwanza ili usome haya mengine ukiwa umetulia. Hapana, humkosei Mungu ukimkataa huyo kaka. Unaweza kumkataa leo jioni, ukapiga magoti ukasali, ukalala. Sasa ngoja nikueleze kwa nini, na nitalichambua hilo neno kabisa kwa sababu ndilo analolitumia kukubana, na wewe ni mtu wa lugha, ukilielewa halitakutisha tena.

"Predestinate" na "predestine" ni kitenzi kimoja kimevaa nguo mbili. Vyote vimetoka kwenye Kilatini, praedestinare, ambapo prae ni kabla na destinare ni kuweka kitu imara, kukusudia, kukipangia mahali pake. Kwaiyo ni kukusudia jambo kabla halijatokea. Wanaoongea Kingereza siku hizi wanatumia "predestine", ile ya "-ate" mwishoni imebaki zaidi kwenye King James ya mwaka 1611 na vitabu vya zamani vya theolojia, maana ni ile ile. Wala watafsiri wa Kingereza wote hawakulitumia, William Tyndale alipotoa Agano Jipya lake mwaka 1526 hapo Warumi 8 aliandika tu kwa maneno ya kawaida kwamba Mungu "aliagiza kabla". Kwaiyo hilo neno halina nguvu ya pekee eti kwa sababu ni refu na limesomwa kwa sauti nzito. Nyuma yake kuna neno la Kigiriki, proorizo, na hilo orizo ni kuweka mpaka, kupima na kusema kitu kinaishia hapa, ndo huko huko Waingereza walikotoa neno "horizon", jina la ule mstari wa upeo ambapo mbingu na nchi vinaonekana kukutana.

Sasa chukua Biblia yako uende na mimi. Hicho kitenzi cha Kigiriki kwenye Agano Jipya lote kimetokea mara sita tu. Matendo 4:28, Warumi 8:29 na 30, 1 Wakorintho 2:7, Waefeso 1:5 na 1:11. Basi. Na King James yake anayoiamini imeweka "predestinate" kwenye minne tu kati ya hiyo, ile miwili ya Warumi na miwili ya Waefeso, kule kwingine wakatumia maneno mengine. Angalia kila mahali ni nini kilichokusudiwa kabla. Kwenye Matendo ni mateso ya Yesu, yale ambayo Herode na Pilato na wenzao waliyafanya. Wakorintho ni hekima ya Mungu iliyofichwa. Warumi 8:29 ni watu, na wamekusudiwa nini? Wafanane na Mwana wake. Mstari wa 30 unaendelea hapo hapo, hao hao akawaita, akawahesabia haki, akawatukuza. Waefeso 1:5 tumekusudiwa tufanywe wana. 1:11 tumekusudiwa tuwe sifa ya utukufu wake, ukisoma mpaka wa 12. Umeona jina la mtu? Umeona ndoa, umeona nani amuoe nani? Hakuna hata mahali pamoja. Yani huyo kaka kachukua mstari unaosema Mungu anataka ufanane na Kristo, akafuta Kristo akajiandika yeye. Hilo mwanangu ndilo lingetakiwa kukutisha, sio kumkataa.

Na sio Biblia tu, hata sarufi ya hilo neno inamkataa. Mtendaji wa hiki kitenzi kwenye hiyo mistari sita ni Mungu tu, mkono wake, shauri lake. Binadamu hawezi kukaa mahali pa mtendaji. Mara nyingi utalikuta kwenye hali ya kutendwa na kwenye wakati uliopita, yani fulani alikusudiwa tangu zamani awe hivi au apate hiki, hakuna mtu anayeongea Kingereza akasema sasa hivi nina-predestinate, halikai. Ni neno la kutazama nyuma, mtu ameshafika ndo anageuka anasema kumbe Bwana alinikusudia. Halitumiki kumwambia mtu mwingine kesho yako imeshafungwa na ufunguo ninao mimi.

Halafu kuna hili ambalo naomba ulishike vizuri. Amekwambia mambo mawili, la kwanza kwamba Mungu alishakata shauri wewe ni wake, la pili kwamba usipotii utaharibu mpango. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Jambo ambalo Mungu ameliwekea mpaka tangu kabla ya ulimwengu, kwa maana nzito ya hilo neno, haliharibiwi na binti mmoja kusema sitaki. Na kama linaweza kuharibiwa na wewe kusema sitaki, basi halikuwa "predestinated", lilikuwa ombi. Ombi la mwanaume anayekupenda, na ombi hujibiwa ndio au hapana. Kwaiyo ukitoa hilo neno kubwa kwenye sentensi zake zote, kinachobaki ni "nakutaka uwe mke wangu", ambalo ni jambo la heshima kabisa kulisema, ila hakutaka kulisema hivyo kwa sababu likisemwa hivyo lina nafasi ya wewe kukataa.

Najua atakuja na majina ya wanatheolojia, watu wa aina hiyo huwa wanayo, kwaiyo nikupe kidogo usije ukazibwa mdomo. Ugomvi wa hili jambo ni wa siku nyingi sana, Augustino, mwalimu wa kanisa la kale aliyefariki mwaka 430, alibishana na wafuasi wa Pelagius waliosema mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, karne ya 16 Calvin akafundisha kwa uzito kule Geneva kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyechagua nani ataokolewa, kisha wafuasi wa Arminius mwaka 1610 wakaandika hoja zao tano wakisema Mungu aliwachagua wale aliojua tangu mwanzo kwamba wataamini, sinodi, yani mkutano mkuu wa kanisa, ikakaa Dort kule Uholanzi mwaka 1618 mpaka 1619 ikawakatalia, na karne iliyofuata John Wesley akarudi upande wa Arminius kwa nguvu zake zote. Mimi sikuambii uchague upande gani, makanisa yanatofautiana na watu wanaompenda Mungu wako pande zote mbili. Ninachotaka ukione ni kitu walichokuwa wanagombania. Ni wokovu. Nani anaokolewa na ameokolewaje, neema inafanya nini na mtu anafanya nini. Hakuna aliyekuwa anapigania haki ya mwanaume kuchagua mke bila kuulizwa.

Na kizuri zaidi ni hiki, mimi nilipokisoma nilifurahi. Kuna Ungamo la Imani la Westminster, la mwaka 1646, yani tamko la imani lililoandikwa na wanatheolojia kule Uingereza, hao ndo walisimama upande mkali kabisa wa hili fundisho, hata hilo neno la "predestinated" wamelitumia wazi kwa wanaoenda uzimani na wakatafuta kitenzi kingine, "foreordained", kwa wanaoenda mautini. Sura yao ya 3, kifungu cha kwanza tu, wanasema Mungu kupanga yote hakulazimishi mapenzi ya viumbe wala hakuondoi uhuru wao, bali ndiko kunakouthibitisha. Hiyo sura hiyo hiyo inamalizia ikionya kwamba siri hii nzito ishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Alafu nenda sura ya 24, ya ndoa. Wanasema ni halali watu wa namna zote kuoa na kuolewa, wale wenye uwezo wa kutoa ridhaa yao kwa akili timamu. Ridhaa, mwanangu. Watu walioamini kuliko wote kwamba Mungu amepanga kila kitu, walipofika kwenye ndoa waliuliza mwenyewe amekubali? Kwaiyo mtu akikwambia kwa sababu Mungu amepanga basi ridhaa yako haihitajiki, huyo hayuko hata na hao anaodhani yuko nao.

Paulo mwenyewe, ambaye barua zake ndimo hiki kitenzi kimo mara tano kati ya zile sita, akiongea habari za mjane kwenye 1 Wakorintho 7:39 anasema yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Amtakaye. Na ukitaka hadithi ya ndoa ambayo mkono wa Mungu unaonekana waziwazi kuliko zote nenda Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu kasafiri, kaomba ishara pale kisimani, ishara ikatokea kabla hajamaliza kuomba, familia yenyewe ikakiri kwamba jambo limetoka kwa Bwana. Unadhani wakamfunga Rebeka wakampandisha ngamia? Walimwita wakamuuliza, utaenda na mtu huyu? Akasema nitakwenda. Na hata kabla safari haijaanza Ibrahimu alishamwambia mtumishi wake kwamba kama huyo mwanamke hatataka kufuatana naye basi amefunguliwa kiapo. Yani katikati ya uongozi wa Mungu ulio wazi namna ile kulikuwa na mlango wa binti kukataa, na Ibrahimu aliuacha wazi kwa makusudi.

Sasa hili la mchumba wako wa zamani. Hapa nimekasirika kidogo na siwezi kuficha. Kuna watu wamepitia maumivu makubwa na baadaye wakasema Mungu alikuwa na kusudi, na wana haki ya kusema hivyo. Yusufu aliwaambia ndugu zake waliomuuza kwamba ninyi mlinikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, Mwanzo 50:20. Ila angalia nani anasema. Ni yule aliyetupwa shimoni, miaka mingi baadaye, tena anasema ili awafariji waliomkosea. Je, ndugu zake wangeweza kumwambia Yusufu akiwa bado shimoni, usilie, Mungu amepanga tukuuze? Maneno yale yale yangekuwa ukatili. Na mfanyabiashara aliyemnunua angesema Mungu alipanga uuzwe ili mimi nikupate, je? Kusudi la Mungu kwenye jeraha lako ni lako wewe kuligundua kwa wakati wako, na unaweza usiligundue kabisa na bado ukawa mtoto wake. Huyo kaka hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye kilio chako akatoka na faida. Aliyekuacha alikuacha kwa uamuzi wake, na kama alikuumiza alikuumiza yeye. Usiendelee kulala ukiwaza Mungu alikaa akapanga uaibike. Huo mstari anaoutumia yeye upo kwenye sura inayoisha kwa kusema hakuna kitu kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu, hebu uisome yote mpaka wa 39, kwa Kiswahili, taratibu, ukiwa peke yako.

Na hii habari ya kwamba utakuwa nje ya mpango. Kumbukumbu la Torati 29:29, mambo ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu. Nani ataolewa na nani ni moja ya mambo ambayo hakuna mtu kafunuliwa kwenye maandiko, kilichofunuliwa ni uoe au uolewe na mtu wa namna gani na muishi vipi. Anayekutishia kwamba ndoa yako ya baadaye haitasimama anatoa laana, hata kama kaiweka kwenye meseji yenye mistari. Fundisho hili kwa watu walioliamini lilikuwa la kufariji. Kanisa la Uingereza kwenye ibara zake 39 za mwaka 1571, ile ya 17, linasema limejaa faraja tamu isiyoelezeka kwa watu wa Mungu. Kwaiyo mtu akikufundisha habari za kukusudiwa na Mungu halafu ukatoka unatetemeka na kulia, ujue kuna kitu kimegeuzwa njiani.

Tuje kwenye kutafsiri, maana sitaki uache huduma yako kwa sababu ya huyu mtu. Biblia ya Union, hii ya 1952 ambayo wengi wanayo mkononi, Warumi 8:29 imesema "aliwachagua tangu asili", Waefeso 1:5 "alitangulia kutuchagua", na 1:11 "tukichaguliwa tangu awali". Ukitumia hivyo uko salama na wasikilizaji watafuata kwenye Biblia zao. Ila kuchagua peke yake hakubebi neno lote, kwa sababu kuchagua ni kuchukua hiki na kuacha kile, wakati "predestine" linaangalia mbele kwamba umechukuliwa uende wapi, uwe nani. Ndo maana mstari wa 4 wa Waefeso una kuchagua na wa 5 una hili neno, ni vitu viwili vinavyoshikana. Kwaiyo mhubiri akikaa sana kwenye hilo neno mimi ningesema "alitukusudia tangu awali tuwe", na lazima umalizie, tuwe nini. Likiachwa linaning'inia bila mwisho wake ndo watu wanaweka mwisho wanaoutaka wao. Kwa Kingereza pia linadai hivyo, "predestined to" halafu kitendo au hali, au "predestined for" halafu kitu.

Usiseme "alitabiri", hiyo ni kusema kabla tu, mtu anaweza kutabiri mvua na asiilete. Usiseme "alijua tangu mwanzo" maana kujua kabla ni kitenzi kingine na Paulo kaviweka vyote viwili kwenye mstari mmoja, Warumi 8:29, wale aliowajua ndo aliowakusudia, ukivichanganya sentensi nzima inakufa mdomoni. Na ningekwepa "aliandikiwa" pale madhabahuni, kwa sababu kwenye masikio ya watu wetu kuandikiwa mara nyingi ni jambo linalokuangukia tu, ajali, msiba, kukosa, halina uso wa mtu anayekupenda nyuma yake, na hapo Waefeso mwenye kukusudia ni Baba. Kuna na neno lingine wahubiri wanalichanganya nalo, "predispose", hilo ni kuelekea upande fulani tu, kama mtu kuzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa fulani bila kuwa lazima aumwe. Akilisema hilo sema "ana mwelekeo wa". Na matamshi, "predestine" linaishia na "tin", sio "tain", mkazo upo kwenye "des".

Kitu kingine cha kujiandaa, Waefeso 1 kuanzia mstari wa 3 mpaka wa 14 kwa Kigiriki ni sentensi moja tu ndefu bila kupumua. Wahubiri wakiisoma hunogewa wakapitiliza, wewe ukaachwa nyuma na maneno mengi mkononi. Kaa naye kabla ya ibada mkubaliane asimame kila baada ya mistari miwili. Na usiogope kulitamka. Ulitamke kwa sauti, ni neno zuri, wewe ndo utakuwa unawaambia watu maana yake siku hiyo.

Sasa huyu kaka. Nataka umjibu mara moja, kwa maandishi, bila mistari, kwa sababu ukianza kurushiana naye mistari utakuwa umekubali kwamba hili ni somo la Biblia na si mtu anayekutaka na wewe humtaki. Andika hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, nimefikiri na nimeomba. Sitaolewa na wewe. Uamuzi wangu ni huu na hautabadilika. Naomba usinitumie tena ujumbe kuhusu jambo hili." Usiombe radhi, usiseme labda baadaye, usiseme ngoja nikue kiroho kwanza, hizo zote ataziona ni mlango. Meseji zake za nyuma zitunze, usizifute, hasa ile ya kutishia ndoa yako. Usikubali tena kukaa naye peke yako, iwe kwa maombi au kwa chochote.

Na umwambie mama. Leo. Najua unaogopa atasemaje lakini unabeba kitu kizito peke yako na ndo maana huyu mtu anapata nguvu, siri inamsaidia yeye, haikusaidii wewe. Halafu mtafute mama mmoja mtu mzima pale kanisani unayemwamini, au mke wa mchungaji, mwende pamoja kwa mchungaji na simu yako mkononi. Mtu anayefundisha vijana na anatumia cheo hicho kumbana binti, uongozi unatakiwa kujua, na si ajabu si wewe peke yako uliyesomewa huo mstari. Wakikwambia nyamaza usilete aibu, basi wewe si wa kunyamaza na hilo si kanisa lako pekee duniani, kutafsiri utatafsiri popote.

Rafiki yako aliyesema mkubalie usimchukie, kaona cheo hajaona unavyojisikia. Mwambie tu ulichoniambia mimi, kwamba ukiwa naye peke yako unatamani mtu aje aingie. Mwili wako ulishajibu kabla hata hujaniandikia.

Akikujibu kwa vitisho au akaja mpaka nyumbani niandikie tena hata kama ni usiku, na mama awe anajua tayari.

Anti yako.